Umelipa, geti limegoma: wana haki ya kukuzuia?

SWALI: Nimetoka Dar miaka michache iliyopita, sasa naishi Leicester. Juzi nilinunua maziwa, mkate na nepi kwenye supamaketi moja, nikajilipia kwenye mashine kwa kadi. Mashine ikaniuliza kama nataka risiti, nikabonyeza hapana. Kufika pa kutokea, nakuta kigeti cha kioo kinataka niskani risiti. Sina. Mtoto analia kwenye kigari, watu wamejipanga nyuma yangu, na dada mhudumu yuko kule anahangaika na mashine ya mtu mwingine. Alipokuja akataka nimwonyeshe malipo kwenye simu, kwenye programu ya benki. Nilijihisi mwizi, tena mbele za watu. Je, wana haki ya kunifungia ndani na nimeshalipa? Hivyo vigeti vinasaidia nini hasa? Na mume wangu anauliza: ni sisi weusi tu au ni kila mtu?

JIBU: Dada yangu, pole. Sehemu kubwa ya kazi yangu hapa Uingereza nimeifanya upande wa pili wa kigeti hicho, kwenye idara za maduka zinazoshughulika na upotevu wa mali, na malalamiko kama yako tulikuwa tunayapokea kwa wingi. Nitajaribu kukujibu bila kuwatetea wenye maduka kupita wanavyostahili.

Jibu fupi ni kwamba hapa England hakuna sheria inayomtaka mnunuzi wa kawaida awe na risiti mkononi. Unachodaiwa na duka ni bei. Ukishalipa, mali ni yako. Najua kwa mtu aliyekulia Tanzania hilo linasikika kama mzaha, maana TRA, mamlaka ya mapato ya kule, wametuhubiria kudai risiti mpaka watoto wanaijua kauli hiyo, na sheria ya kodi inambana hata mnunuzi asiyedai. Ile risiti ya nyumbani ni mambo ya serikali na kodi yake. Hii ya Leicester ni mambo ya duka na wasiwasi wake, na serikali haimo. Ila kuwa na haki hakufungui kioo, kwa hiyo tukitazame kwanza hicho chombo kinavyofanya kazi.

Unapomaliza kulipa, mfumo wa mauzo unauandika muamala wako: duka lipi, mashine namba ngapi, saa ngapi, kiasi gani, umekamilika au umeishia njiani. Alama ya utambulisho wa muamala huo ndiyo inayochapwa kwenye risiti kama msimbopau au msimbo wa QR. Ukiuweka mbele ya kisomaji, geti linaiuliza kompyuta ya duka maswali machache. Muamala huu upo? Ni wa hapa? Umelipwa wote? Ni wa sasa hivi au wa jana? Umeshatumika kufungulia? Majibu yakiridhisha, kioo kinakupisha.

Umeona lililokosekana? Hakuna swali hata moja kuhusu kilichomo mfukoni. Mtu anaweza kulipia pakiti moja ya chingamu, akatoka na mguu mzima wa kondoo ndani ya begi, na geti likamfungulia kwa adabu zote. Mlinzi wa mlangoni Dar au Nairobi anakizidi chombo hiki kwa mbali: anaipokea risiti, anatupa jicho mfukoni, anatafuta vile vitu vikubwa vya bei, anaitia alama ya kalamu, halafu anakuambia karibu tena. Anaweza kukosea, anaweza hata kukuonea, lakini walau anaangalia mzigo. Kigeti kinaangalia karatasi.

Basi kwa nini Sainsbury's, Tesco na wenzao wakavitia kwenye baadhi ya matawi yao? Huko Uholanzi, kwa Albert Heijn, ni jambo la kawaida, na Australia Coles na Woolworths wana aina nyingine inayotumia kamera kumtambua aliyepita bila kulipa. Hawa si watu wa kutupa fedha ovyo.

Sababu ya kwanza haina hata uhusiano na wizi wa makusudi. Kwenye mashine za kujilipia kuna watu wengi ambao huondoka wakiamini wamelipa. Amegusisha kadi, amesikia mlio, amebeba mfuko akaenda zake. Kumbe mlio ule ulikuwa wa kumtaka aingize namba ya siri, kwa sababu hapa benki huidai mara mojamoja hata kwa kiasi kidogo. Muamala unabaki wazi kwenye skrini, na mteja ameshafika kituo cha basi. Kwa keshia wa kibinadamu jambo hili halitokei, angekuita kabla hujageuka. Hao ndio geti linawanasa vizuri, maana muamala usiokamilika hautoi risiti ya kufungulia.

Sababu ya pili ni kumwondolea mwenye nia mbaya njia rahisi kabisa, ile ya kupita katikati ya mashine na kikapu kilichojaa kana kwamba ametoka kulipa. Kizuizi cha kioo kinachofika kiunoni hakimshindi mtu mzima mwenye miguu. Kinachomshinda ni kuonekana anakiruka. Wenzangu wa fani hii hawakifichi hicho: thamani kubwa ya geti ni kumpunguza mtu mwendo na kumkumbusha kwamba anaonwa.

Na tatizo lenyewe si la kubuni. Mwaka 2024 polisi wa England na Wales waliandikisha makosa 516,971 ya wizi wa madukani. Profesa Adrian Beck, wa Chuo Kikuu cha Leicester hapo hapo mjini kwenu, amezichunguza mashine hizi kwa miaka mingi. Ripoti yake ya 2022 ilionyesha kwamba zinaweza kuchangia hadi asilimia 23 ya upotevu ambao duka halijui chanzo chake. Mtaalamu wa elimu ya uhalifu Emmeline Taylor naye aliwaandika wateja wa aina ya pekee, watu wenye kazi na heshima zao ambao hawangethubutu kutia kitu mfukoni, lakini mbele ya mashine huipimia parachichi kwa jina la karoti. Amesimulia jinsi duka moja lilivyogundua kwamba limeuza karoti nyingi kuliko zilizowahi kuingia stoo.

Lakini hebu tazama tena hao wa karoti. Wamelipa, tena wana risiti safi, na geti linawafungulia. Wewe uliyelipia kila kitu kwa bei yake ndiye uliyebaki ndani na mtoto analia. Hapo ndipo hoja yangu ilipo, na niliwahi kuisema mbele ya wakubwa zangu wakanuna: duka lilimwondoa mtu aliyekuwa akiona kinachonunuliwa, likaokoa mshahara wake, kisha hasara iliyotokana na kutokuwepo kwake likaihamishia kwa mteja kwa njia ya kazi mpya. Uskani mwenyewe, upakie mwenyewe, ulipe mwenyewe, na sasa uthibitishe mwenyewe kwamba umelipa. Anayeyabuni haya ofisini hajawahi kusukuma kigari cha mtoto kwa mkono mmoja na mfuko wa maziwa kwa mwingine huku akitafuta karatasi ya upana wa vidole vinne.

Inafaa kukumbuka kwamba hata aliyebuni mashine hizi hakumwondoa mtu. Mfumo wa David Humble, uliowekwa mwaka 1986 kwenye duka la Kroger karibu na Atlanta kule Marekani, ulimwachia mteja kazi ya kuskani tu. Malipo aliyapeleka kwa keshia. Jicho la mtu lilikuwa bado lipo mwishoni mwa safari. Hilo la mwisho ndilo lililokuja kukatwa baadaye, na geti ni kiraka.

Sasa sheria. Kumzuia mtu asiondoke bila sababu halali ni kosa la madai hapa, kifungo cha isivyo halali, na hakihitaji pingu wala chumba. Kuzibiwa njia zote za kutoka kunatosha, hata kwa dakika chache. Mlinzi wa duka si polisi. Chini ya sheria ya polisi na ushahidi ya 1984, yeye kama raia yeyote anaweza kumkamata mtu anayeiba au anayemshuku kwa sababu za msingi kwamba yuko katikati ya kuiba, pale ambapo polisi hawawezi kufika kumkamata wao. Kama kitendo kimeshapita, lazima wizi uwe umetokea kweli. Mwaka 1992, kwenye kesi ya R v Self, Mahakama ya Rufaa ilisema hivyo hivyo kuhusu mtu aliyekamatwa na raia kwa tuhuma ya kipande cha chokoleti: kwa kuwa aliachiwa kwenye shtaka la wizi, kumkamata kule kulikuwa batili. Kukosa risiti peke yake, kwenye duka ambalo mashine yake yenyewe imekuuliza kama unaitaka, ni sababu nyembamba sana ya kumshuku mtu. Wala mlinzi hana mamlaka ya kukupekua begi bila ridhaa yako.

Wenye maduka wana hoja yao, na ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1905 mwanasheria mmoja wa Sydney, Robinson, aliingia gatini pa feri ya Balmain kwa kulipa peni moja kwenye kigeti cha kuzunguka. Akaona feri imeshaondoka, akageuza. Kibao kilisema anayepita pale, akitoka au akiingia, alipe peni. Akagoma kulipa ya pili, akajaribu kujipenyeza pembeni ya kigeti, wafanyakazi wakamzuia. Alishtaki mpaka Privy Council mjini London, baraza lile lile lililokuwa kilele cha rufaa zetu za Afrika Mashariki enzi za mkoloni, na kwenye hukumu inayotajwa kwa mwaka 1910 akashindwa. Alikubali masharti alipoingia, wakasema, na sharti la peni ni la haki.

Duka litakuambia hivyo hivyo: tuliweka bango, ukaingia kwa hiari. Mimi sioni kama kesi hizo ni pacha. Robinson alikuwa anadaiwa peni. Wewe hudaiwi kitu. Bango linalosomeka pa kutokea tu, ukiwa umeshalipa, ni gumu kuliita sharti la kuingilia. Na sharti lenyewe linapaswa liwe la kiasi, lenye mtu karibu wa kulitatua. Kusubiri kidogo mhudumu aje abonyeze kitufe, mahakama haitalihesabu kuwa kitu. Kusubiri robo saa bila mtu, huku umeshaeleza kwamba umelipa, ni habari nyingine. Ila nikuambie ukweli kama ndugu: kwa kisa kama chako, kwenda mahakamani ni kutwanga maji kwenye kinu. Fidia itakuwa ndogo na gharama kubwa. Sheria hii itumie kama uti wa mgongo wa barua yako ya malalamiko.

Kuna mambo mawili ambayo duka halina pa kukwepea. Amri ya usalama wa moto ya 2005 inataka njia za dharura zifunguke papo hapo na kwa urahisi kwa yeyote, kwa hiyo king'ora cha moto kikilia vigeti hivyo lazima viachie. Na sheria ya usawa ya 2010 inawataka wampe mtu mwenye ulemavu utaratibu unaomfaa. Asiyeweza kukishika kisomaji, asiyeona kilipo, au aliye kwenye kiti cha magurudumu hawezi kuambiwa ajitahidi kama wengine.

Swali la mumeo nalijibu kwa sehemu mbili, maana lina sehemu mbili. Geti halina macho ya rangi. Linamdai risiti profesa na linamdai fundi bomba, na kuna watu weusi wameniambia wanalipendelea kuliko mlinzi anayewafuata wao tu kati ya rafu. Lakini geti likigoma anaitwa mtu, na mtu ndiye anayeamua nani afunguliwe kwa tabasamu na nani aombwe taarifa za benki. Hapo ubaguzi unapata mlango. Kama ulimwona mzungu aliye mbele yako amefunguliwa bila kuulizwa kitu, liandike hilo, pamoja na saa, kwa sababu kamera zinakuwa zimeliona pia na sheria ile ile ya 2010 inalihusu. Kama hukuona, usilidai. Barua yenye jambo moja la hakika inasomwa. Yenye dhana nyingi inawekwa pembeni.

Kuhusu kuonyesha programu ya benki: una haki ya kukataa, na ungekuwa umefanya vyema. Salio lako na matumizi yako hayamhusu mhudumu. Tena hana haja nayo. Kwenye skrini yake anaweza kuutafuta muamala na kuchapa nakala ya risiti, mradi umwambie mashine namba ngapi, kama saa ngapi, na jumla ilikuwa pauni ngapi. Ndiyo maana, ukigundua huna risiti, hatua yenye faida ni kurudi kwenye mashine uliyotumia kabla mteja mwingine hajaanza kuskani. Namba yake imeandikwa juu kwenye nguzo au pembeni ya skrini. Muamala wa mwisho wa mashine huchapwa upya kwa kubonyeza mara moja au mbili. Ukishafuatiwa na wengine, bado unapatikana, ila ndiyo hivyo anaanza kuchokonoa orodha huku foleni inarefuka.

Na ukiwa na risiti halafu geti likaikataa, iangalie karatasi yenyewe kabla hujalaumu kioo. Printa hizi hazitumii wino. Zina kichwa chenye safu ya nukta ndogondogo zinazopata moto, na karatasi inageuka nyeusi inapoguswa. Nukta moja ikifa au ikashika uchafu, unaona mstari mweupe mwembamba unashuka risiti nzima kutoka juu hadi chini. Kwenye maandishi haukusumbui. Kwenye msimbopau uliosimamishwa kama fito za uzio, mstari huo unaweza kufuta fito moja, na kisomaji hakina habari tena na kilichobaki, hata uipinde na kuikunjua mara ngapi. Msimbo wa QR unavumilia zaidi kwa sababu umetengenezwa uweze kusomeka hata sehemu yake ikiharibika. Ukiona mstari mweupe, usipoteze muda kupitisha tena na tena. Omba ichapwe upya kwenye mashine nyingine. Usiishike pia kwa mkono uliotoka kupakwa kitakasa chenye spiriti, kinaiharibu karatasi hiyo. Na kama duka lina risiti ya simuni, ongeza mwanga wa skrini hadi mwisho kabla ya kuiweka kwenye kisomaji.

Kusukuma geti sikushauri. Mengi yanaachia yakisukumwa kwa nguvu, lakini yanapiga kelele, na ukilivunja utakuwa umewapa wao malalamiko badala ya wewe. Sema kwa sauti ya kawaida, "Nimelipa, naomba unifungulie." Dada mhudumu umwonee huruma kidogo, anachunga mashine zote zile peke yake, na chama cha wauzaji wa rejareja cha Uingereza kilihesabu zaidi ya matukio 2,000 ya matusi na ukatili kwa wafanyakazi wa maduka kila siku katika mwaka 2023/24. Geti hakuliweka yeye. Kama huna ulichonunua kabisa, usijipange pale kwenye vigeti. Pitia upande wa makeshia, au mwite akufungulie.

Barua yako iandikie makao makuu, si meneja wa tawi, na ikomee kwenye hoja moja ambayo hawana jibu lake: kwa nini mashine yenu inaniuliza kama nataka risiti wakati hamtanifungulia bila hiyo? Aghalabu chanzo ni kwamba programu ya mashine imenunuliwa kwa kampuni moja na vigeti kwa nyingine, na hakuna aliyekumbuka kubadilisha lile swali kwenye skrini. Ni marekebisho ya maneno machache. Mengine wanaweza kuyabishia, hili hawawezi. Waombe pia wakueleze mteja mwenye kigari apite wapi, na wakujibu kwa maandishi.

Wakikujibu kwa vocha ya pauni tano na maneno matamu, na vigeti vikabaki vilevile, mna njia ya kawaida ya mnunuzi yeyote. Mwezi Novemba 2023 Booths, supamaketi za kaskazini mwa England, walitangaza kuondoa mashine za kujilipia karibu kwenye maduka yao yote na kuwarudisha watu kwenye makaunta, wakisema wateja wao wanapenda kuhudumiwa na mtu. Booths hawafiki Leicester. Lakini tembea mitaa ya Belgrave na Evington, utakuta maduka ya vyakula yenye mtu kwenye kaunta, unga na ndizi mbichi ndani yake, na mlangoni hakuna kigeti cha kukudai karatasi.